JE, WAJUA? Wageni Waliomo Ndani ya Sufuria

  Kama kawaida, anayejua kusoma awasomee na wengine, bibi na babu wasiachwe nyuma.

Mwezi huu hatuendi mbali. Tunaingia jikoni. Ebu mama, funua sufuria tuone kuna nini. Ugali wa mahindi, au kwa wengine bugali ya muhogo. Maharage. Sombe. Pengine nyanya mbili na pilipili kwa pembeni. Ukimuuliza mtu yeyote atakuambia hiki ndicho chakula chetu cha asili, chakula cha mababu.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika hivyo tulivyotaja, hakuna hata kimoja ambacho asili yake ni Afrika. Mahindi, muhogo, maharage, nyanya, pilipili, vyote vimetoka bara la Amerika. Kabla ya mwaka 1492, mwaka ambao Christopher Columbus alivuka bahari, hapakuwa na mtu Afrika aliyewahi kuvionja. Mababu wa mababu zetu walikula mtama, ulezi, uwele, kunde, viazi vikuu na ndizi. Na hizo ndizi nazo ni wageni, walitoka Asia ya Kusini-Mashariki na kisiwa cha New Guinea, ila wao walifika zamani zaidi.

Kwa hiyo sufuria zetu zimejaa wageni waliotoka mbali kuliko sisi wenyewe. Lakini kuna jambo moja tunalotaka mlione mwezi huu. Vyakula hivi vilivuka bahari, lakini mara nyingi ujuzi wa kuvitumia haukupanda meli. Ulibaki kwa wenyewe. Na pale ujuzi ulipobaki nyuma, watu waliumia. Twende moja moja.

1. Je, wajua kwamba muhogo una sumu, na kuna nchi wanapika sombe siku saba?

Muhogo ulianza kulimwa Amerika ya Kusini, upande wa Brazil, maelfu ya miaka iliyopita. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, wakaufikisha kwenye mwambao wa Kongo. Kutoka pale uliingia bara kwa miguu ya watu, kijiji hadi kijiji. Leo Afrika inalima zaidi ya nusu ya muhogo wote wa dunia, na nchi inayoongoza duniani siyo Brazil tena, ni Nigeria.

Watu waliupenda kwa sababu unavumilia ukame, na pia kwa sababu unaweza kukaa ardhini mwaka mmoja, hata miwili, ukikusubiri. Waliokimbia vita wanajua maana yake. Mahindi yakiachwa shambani yanaibwa au yanaoza. Muhogo umejificha chini, na mwenyewe akirudi anaukuta.

Lakini muhogo, hasa ule mchungu, umebeba sumu inayoitwa sianidi. Mmea wenyewe unaihitaji ili wadudu na wanyama wasiumalize. Sumu hiyo imefungwa ndani ya mizizi na majani, na inaachiliwa pale muhogo unapopondwa, unapomenywa au unapolowekwa. Ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku tatu au zaidi, wanauanika juani, wanautwanga. Siyo kwa ajili ya ladha tu. Wanatoa sumu, hata kama hakuna aliyewahi kuwaambia jina lake.

Wenyeji wa msitu wa Amazon, ambako muhogo ulitoka, wana kifaa chao cha ajabu kinaitwa tipiti. Ni mfuko mrefu uliosukwa, kama soksi ya jitu. Wanajaza muhogo uliokunwa ndani, wanauning'iniza, halafu wanauvuta kwa chini. Mfuko ukirefuka unajibana wenyewe, na maji yenye sumu yanatiririka nje. Hata maji hayo hawayamwagi! Wanayachemsha muda mrefu mpaka sumu inatoka, wanapata mchuzi wa njano unaoitwa tucupi.

Na sombe je? Sisi hapa tunaita sombe, Warundi wanasema isombe, Watanzania wanasema kisamvu, wa Kinshasa wanasema pondu. Katika mji wa Belém, kaskazini mwa Brazil, wana chakula kinaitwa maniçoba. Ni majani ya muhogo yaliyosagwa, yanachemshwa siku nyingi, kwa kawaida wiki nzima, halafu wanatia nyama ya nguruwe. Siku saba jikoni! Mama mmoja tuliyemsimulia alicheka mpaka akashika ubavu, akauliza: "Na kuni wanapata wapi?"

Sasa upande usiochekesha. Kule Bandundu, Kongo, kuna ugonjwa unaitwa konzo. Jina hili ni la lugha ya Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari mmoja, Trolli, aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekaza, hawezi kutembea sawasawa, na hali hiyo haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Hauambukizi na siyo uchawi. Unatokana na kula kila siku muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri, huku mtu hapati maharage, samaki au nyama. Mwili unahitaji protini ili kuivunja ile sumu.

Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula huko Msumbiji, kulikuwa na ukame mkali, na ukame unaongeza sumu ndani ya muhogo. Watu walikuwa na njaa, wakapunguza siku za kutayarisha. Zaidi ya watu 1,000 walipata ulemavu. Mwanzoni ilidhaniwa ni polio. Mwaka 1985 ugonjwa huohuo ulionekana Tarime, Tanzania, wakati wa ukame. Na Bandundu watafiti walikuta jambo la kushangaza zaidi: ilipojengwa barabara nzuri ya kwenda Kinshasa, wafanyabiashara walikuja kununua muhogo kwa haraka, na kuloweka kwa siku tatu kukageuka siku moja. Barabara ilileta pesa, na ile haraka ikaleta konzo.

Kwa hiyo akina mama, na akina baba mnaopika, msikubali kuharakishwa. Siku za kuloweka zisipunguzwe, hata kama watoto wanalia. Na kama mmenunua unga wa muhogo sokoni na hamjui ulitayarishwaje, kuna njia rahisi iliyobuniwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia, na imekuwa ikitumika vijijini Kongo tangu miaka ya 2010:

- Weka unga mkavu kwenye beseni, weka alama pale unga ulipofika.
- Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza. Endelea mpaka upande tena na kufika kwenye alama.
- Utandaze juu ya mkeka safi, tabaka jembamba lisilozidi upana wa kidole. Acha juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu inatoka kama hewa.
- Songa bugali siku hiyohiyo, usiuweke mpaka kesho.

Njia hii ni nyongeza. Haichukui nafasi ya kuloweka.

2. Je, wajua kwamba mahindi yaliwahi kuua watu waliokuwa wameshiba?

Mahindi yalitoka Mexico. Miaka kama 9,000 iliyopita yalikuwa nyasi tu, inaitwa teosinti, yenye punje chache ngumu kama kokoto. Wakulima wa kule walichagua mbegu nzuri kila msimu, kizazi hadi kizazi, mpaka likapatikana gunzi tunalolijua. Leo mahindi hayawezi kujipanda yenyewe msituni. Bila mkono wa mtu yanakufa.

Wenyewe kule Mexico hawapiki mahindi kama sisi. Wanayachemsha kwanza pamoja na chokaa ya chakula au majivu, wanayaacha yalale, wanayaosha, ndipo wanasaga. Wazungu walipoyachukua mahindi waliona kazi hiyo ni ya bure. Walichukua mbegu, wakaacha chokaa.

Baada ya miaka, maskini wa Ulaya waliokula mahindi asubuhi, mchana na jioni walianza kuugua. Ngozi ya mikono na shingo, pale jua linapopiga, inakuwa nyeusi, inakakamaa na kubanduka. Tumbo linaharisha. Mwisho akili inavurugika na mtu anakufa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania aliuelezea. Waitalia wakaupa jina pelagra, maana yake ngozi chachu au yenye kukwaruza.

Huko Marekani ya kusini, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huu ulipata watu zaidi ya milioni tatu na kuua kama 100,000. Wakubwa walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, ugonjwa wa watu wachafu. Daktari mmoja, Joseph Goldberger, ambaye mwenyewe alifika Marekani akiwa mtoto wa wahamiaji, alikataa. Yeye aliona kwamba katika hospitali za vichaa na nyumba za yatima wagonjwa ni wengi, lakini wauguzi wanaokaa nao hawaugui. Tofauti ni nini? Sahani. Wauguzi walikula nyama, maziwa na mayai.

Watu hawakumsadiki. Basi mwaka 1916 yeye na wenzake walifanya jambo ambalo tunaomba msilijaribu. Walijidunga damu ya wagonjwa. Walimeza vidonge vilivyotengenezwa kwa maganda ya ngozi ya wagonjwa na, samahanini kwa mnaokula, kinyesi chao. Mke wake Mary naye alidungwa damu. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika na watu wengi wakawekwa kambini. Goldberger alipendekeza wapewe hamira, ambayo ni dawa ya bei nafuu ya pelagra, na kweli ikagawiwa. Alifariki mwaka 1929. Mwaka 1937 ndipo ikajulikana kinachokosekana: vitamini inayoitwa niasini, au B3. Ndani ya mahindi niasini ipo, lakini imefungwa kwa kufuli. Chokaa ya Wameksiko ndiyo ufunguo wake. Wao hawakujua jina la vitamini, lakini ufunguo walikuwa nao.

Wandugu, msidhani haya ni ya Wazungu wa zamani. Mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa kambini Malawi. Mgao wao ulikuwa mahindi, maharage na karanga. Karanga zilipokatika kwa miezi, pelagra ikaingia: zaidi ya watu 17,000 waliugua mwaka huohuo. Mahindi hayakukosekana na tumbo lilijaa. Kilichopungua ni zile karanga kidogo ambazo mtu angedhani ni za kutafuna tu.

Tunasema haya kwa nini? Kwa sababu mgao ukipungua, kila nyumba inafanya hesabu. Wapo wanaouza karanga au dengu ili kununua sabuni au daftari, na sisi hatumlaumu mtu, kila mmoja anajua shida zake. Lakini mjue thamani ya mnachouza. Konzi ya karanga kwa mtoto siyo anasa. Samaki wadogo, maharage na majani ya kwenye kibustani nyuma ya nyumba vinasaidia pia. Tafadhali msitie chokaa ya kupakia nyumba kwenye chakula, hiyo ni hatari, chokaa ya Mexico ni nyingine. Na mkiona ngozi ya mikono au shingo inakuwa nyeusi na kukakamaa pande zote mbili, nendeni kituo cha afya. Pelagra ikiwahiwa inatibika.

3. Je, wajua kwamba karanga huchanua juu na kuzaa chini?

Karanga ni za Amerika ya Kusini. Siyo kokwa kama korosho, ni ndugu wa maharage. Ua lake linachanua juu ya ardhi, la njano. Likishapata mbegu, linatoa kijiti kinachoinama, kinatoboa udongo, na karanga inakua gizani. Watoto mnaotaka kuona, pandeni punje chache (zisiwe za kukaangwa!) na mfuatilie. Afrika tulikuwa tayari na ndugu yake, njugu mawe, ambazo nazo huzaa chini. Kwa hiyo mgeni alipofika tulishajua kabila lake.

Hapa kuna kisa kingine cha kutouliza wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na sehemu ya kwanza ilikuwa Kongwa, Dodoma. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matingatinga, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Visiki vya miti ya pale viliyashinda matrekta. Mvua ilikuwa haba. Udongo ukikauka uligeuka kama tofali, karanga zikakwama ndani. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na kama pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Wagogo, wanaoishi pale tangu zamani, walikuwa wanaijua vizuri mvua ya Kongwa na udongo wake.

4. Je, wajua kwamba maharage mekundu mabichi matano yanaweza kukutapisha?

Ni kweli kabisa. Maharage, nayo kutoka Amerika, yana sumu yao. Mekundu ndiyo makali zaidi. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumletea mtu kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. La ajabu ni kwamba maharage yaliyopashwa moto mdogo tu bila kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi.

Dawa yake mama zetu wanayo: loweka tangu jioni, mwaga maji yale, tia maji mapya, chemsha kwa nguvu yatokote hasa, kisha endelea mpaka yalainike. Faida ni mbili. Sumu inakufa, na maharage yaliyolala kwenye maji yanaiva upesi, kwa hiyo kuni zinapungua. Na kila anayetembea kutafuta kuni anajua kitita kimoja ni jasho kiasi gani. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda ni kati ya watu wanaokula maharage mengi zaidi duniani, kwa hiyo mwenye swali la kupika maharage, hodi nyumba ya Mrundi!

5. Je, wajua nani aliwasaidia Waairishi walipokufa njaa?

Viazi ulaya, pamoja na jina hilo, siyo vya Ulaya. Ni vya milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kule kuna aina zaidi ya 4,000: vyeupe, vyekundu, vya zambarau, vyenye vigongo. Mkulima wa kule anachanganya aina nyingi kwenye shamba moja. Ugonjwa ukiua aina hii, ile inabaki.

Wazungu walichukua aina chache tu. Maskini wa Ireland wengi walitegemea aina moja. Mwaka 1845 ukaja ukungu, viazi vikaoza ardhini, na tena miaka iliyofuata. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja walikimbia nchi yao kwa meli.

Mwaka 1847 habari hizi zilifika Marekani kwa Wachokto, kabila la wenyeji wa asili. Hao nao, tangu mwaka 1831, walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao ya Mississippi, wakatembezwa mamia ya kilomita hadi Oklahoma, na maelfu walifia njiani. Hawakuwa na kitu. Hata hivyo walichangishana dola 170 wakazituma kwa Waairishi ambao hawajawahi kuwaona.

Waairishi hawakusahau. Mwaka 2017 walizindua sanamu ya manyoya tisa makubwa ya chuma katika mji wa Midleton kuwashukuru Wachokto. Na mwaka 2020, corona ilipowapiga wenyeji wengine wa Marekani, Wanavaho na Wahopi, maelfu ya watu wa Ireland walituma michango. Walisema wanalipa deni la mwaka 1847. Miaka 173!

6. Je, wajua kwamba Afrika nayo ilitoa wageni?

Msidhani sisi ni wa kupokea tu. Kahawa ilitoka Ethiopia, na leo Wafini, watu wa kwenye baridi kali, ni kati ya wanaoinywa zaidi duniani. Tikiti maji, bamia, mawese na kunde ni watoto wa Afrika.

Kunde zina kisa chake. Zilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Watu hao hawakuruhusiwa kubeba chochote, lakini kilichokuwa kichwani hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Katika mji wa Salvador, Brazil, mpaka leo wanawake waliovaa magauni meupe wanauza barabarani acarajé, yaani maandazi ya kunde zilizosagwa na kukaangwa kwa mawese. Kule Nigeria wanaita akara. Mawese kwa Kireno cha Brazil ni dendê, neno lililotoka Angola, kwenye lugha ya Kimbundu. Mwaka 2005 serikali ya Brazil iliandika kazi ya wanawake hao kuwa urithi wa taifa.

Mmeona tofauti? Mahindi yalisafirishwa na wafanyabiashara, na chokaa ikasahaulika. Kunde zilisafiri na watu waliojua kuzipika, na ujuzi ukafika nao.

Sisi pia tulikuja na ujuzi wetu. Mama aliyefika na kanga moja mgongoni alifika na namna ya kuujua muhogo mchungu, siku za kuloweka, jani lipi linaliwa na lipi haliliwi. Lakini watoto waliozaliwa hapa kambini wamezoea kuona chakula kinatoka kwenye gunia. Wengi hawajawahi kung'oa muhogo. Siku wakirudi nyumbani, au wakipelekwa nchi nyingine, nani atawaambia? Kwa hiyo kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni hii: kila mtoto amuulize mzee mmoja jinsi chakula kimoja kinavyotayarishwa tangu shambani mpaka sahani, aandike kwenye daftari. Asiyejua kuandika achore. Hata kama ni mboga ambayo hapa haipatikani, iandikwe.

Kwa kifupi kifupi

- Mgomba siyo mti. Ni mmea mkubwa wa jamii ya majani, na shina lake ni majani yaliyojiviringisha.
- Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Wanyama wenye kunyonyesha wanausikia. Ndiyo maana ndege ndio wanaosambaza mbegu zake.
- Nyanya zilipofika Ulaya kaskazini, watu wengi waliziogopa wakidhani zina sumu.
- Miwa nayo ni mgeni: ilianza kulimwa New Guinea.

Chemsha bongo

1. Kati ya hivi, kipi asili yake ni Afrika: nyanya, kunde, muhogo, maharage?
2. Neno konzo lina maana gani?
3. Kitu gani Wazungu walikiacha Mexico walipochukua mahindi?
4. Wachokto walituma dola ngapi?

Majibu: 1. Kunde. 2. Miguu iliyofungwa. 3. Chokaa, yaani namna ya kupika. 4. Dola 170.

Haya, tumefika mwisho. Mwenye kisa cha ajabu au swali aliandike atuletee. Na leo jioni, kabla hamjanawa mikono, watoto waulizeni wakubwa: "Chakula hiki kimetoka wapi?" Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.